GPS ya Baiskeli Inapokugeuzia Njia: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Upangaji Upya

Nilikuwa nimechora mzunguko wa kilomita 100 unaoanzia na kuishia mahali pamoja. Nilipofika kilomita ya 40 nikakuta barabara imefungwa, mafundi wanachimba mtaro. Nikachepuka kulia, nikijua nitaibukia mbele baada ya kilomita moja hivi. Kifaa changu cha GPS, kilichofungwa kwenye usukani, kikalia, kikaandika kwamba nimetoka njiani, kikaganda kidogo, kisha kikaleta mstari mpya. Nikaufuata. Zilipita kama dakika kumi ndipo nikatupia jicho sehemu ya umbali uliobaki: kilomita 19. Zilipaswa kuwa kama 57. Kifaa kilikuwa kimefuta milima yote niliyoitengea siku ile, kikanipangia njia fupi ya kurudi nilikoanzia, na hakikuniuliza.

Hesabu zake hazikuwa na kosa. Kilijua mwisho wa safari uko wapi, kikatafuta njia ya kufika. Sababu zilizonifanya nichague barabara zile na si nyingine hazikuwa zimeandikwa popote ndani yake. Mtu anayepanda baiskeli mara nyingi hachagui njia fupi. Anachagua mlima, kivuli, lami nzuri, au ukimya wa barabara isiyo na malori. Kwa hiyo ninachokushauri ni hiki: uamuzi wa kubadili njia ubaki mikononi mwako, na kifaa kikusaidie pale tu unapokiomba. Hatua zinazofuata ndizo zilizonifikisha hapo.

Kwanza elewa kifaa kinafanya nini ukitoka njiani

Kinaweza kufanya moja kati ya mambo matatu. Kinaweza kuuacha mstari wako ulivyo na kupiga mlio tu. Kinaweza kutafuta njia ya kukurudisha kwenye mstari, kisha ukaendelea kama ulivyopanga. Au kinaweza kuutupa mstari wako na kupanga safari nyingine kabisa mpaka mwisho. Karibu hasira zote ninazozisikia kwa waendesha baiskeli zinatokana na mtu kutarajia jambo la pili na kupewa la tatu. Hata jambo la pili lina mtego wake: vifaa vingine vinakurudisha mahali ulipotokea, si mbele. Ndiyo maana kila baada ya mita mia unaambiwa ugeuke, ilhali barabara uliyoishika inakutana na mstari hapo mbele.

Suala jingine ni kasi. Ramani ndani ya kifaa ni mtandao wa makutano na vipande vya barabara, na kila kipande kina gharama yake: urefu, aina ya barabara, uso wake, wakati mwingine mwinuko. Kupanga njia ni kutafuta mfuatano wa vipande wenye gharama ndogo kabisa. Kanuni za kazi hiyo ni za zamani, ile ya mtaalamu wa kompyuta Dijkstra ilichapishwa mwaka 1959 na nyingine iitwayo A* mwaka 1968, na zinafanya kazi vizuri sana. Lakini simu ina kichakataji chenye nguvu, na mara nyingi hesabu zenyewe zinafanyika kwenye seva za mbali. Kifaa cha usukani kina kichakataji kidogo kilichoundwa ili betri idumu siku nzima. Ukienda kilomita 25 kwa saa, unapita karibu mita 7 kila sekunde. Kifaa kikitumia sekunde 30 kufikiri, wewe umeshasogea zaidi ya mita 200, na pengine umepita kona ambayo jibu lake lilikuwa linaitegemea. Kinaanza tena. Hapo ndipo skrini inapoganda na betri inapoliwa bure.

Hatua ya 1: Jua faili lako ni la aina gani

Hapa watu wengi hupita haraka, na hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. GPX, mfumo wa mafaili ya kubebea njia za GPS, umekuwapo tangu mwaka 2002, na toleo la 1.1 linalotumika hadi leo lilitoka mwaka 2004. Faili moja la GPX linaweza kubeba vitu viwili tofauti. Kimoja ni mkufu wa nukta mamia au maelfu zilizopangwa barabarani. Ukiziunganisha unapata njia yenyewe, kona kwa kona. Kingine ni orodha ya nukta chache, tuseme kumi, na kifaa ndicho kinachotakiwa kujaza kilichopo kati yake. Ukikipa kifaa faili la namna hii ya pili, kimeanza kukupangia njia hata kabla hujakanyaga pedali. Ndiyo maana wenzako wawili wenye vifaa tofauti wanaweza kupakia faili moja na kupelekwa barabara mbili.

Kulitambua ni rahisi. Lifungue faili kwenye kompyuta kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida, usiogope alama zake. Ukiona neno trkpt linajirudia ukurasa mzima, hiyo ni njia kamili iliyochorwa. Ukiona rtept, tena mara chache, hiyo ni orodha ya vituo. Rudi kwenye programu uliyochorea, ulitoe upya kama njia kamili. Programu nyingi za kupangia safari hukupa uchaguzi huo wakati wa kupakua.

Angalia pia idadi ya nukta. Kilomita 100 zenye nukta 60 tu maana yake kila nukta iko zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka kwa mwenzake, na mstari utakata kona zote za mlimani. Kifaa kitakuona uko nje ya njia ilhali uko katikati ya barabara sahihi. Mafaili ya TCX na FIT, aina nyingine mbili za mafaili ya njia, yana faida moja zaidi: yanaweza kubeba maelekezo ya kona yaliyoandikwa tayari, hivyo kifaa hakilazimiki kuyatunga chenyewe kutoka kwenye ramani yake. Kifaa chako kikiyapokea, tumia mojawapo.

Hatua ya 2: Chora kwa jicho la karibu

Ramani nyingi za vifaa vya baiskeli zinatokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuchangia. Programu nyingi za kupangia safari nazo hutumia data hiyo, lakini ya programu husasishwa mara kwa mara, wakati ramani iliyo kwenye kifaa chako inaweza kuwa na umri wa mwaka mzima au zaidi. Barabara iliyofunguliwa hivi karibuni utaiona kwenye kompyuta. Kifaa kitaiona kama shamba. Kwa hiyo kabla ya safari kubwa sasisha ramani ya kifaa, na ufanye hivyo siku kadhaa kabla. Kusasisha chochote usiku wa kuamkia safari ni kujitafutia balaa, kwa sababu mipangilio wakati mwingine hurudi ilivyokuwa kiwandani.

Sasa kuhusu kuchora. Nukta unayobonyeza ili kuilazimisha njia ipite mahali fulani usiiweke juu ya makutano yenyewe. Iweke mita 50 au 100 baada ya makutano, kwenye barabara unayotaka kuishika. Ukiiweka kwenye makutano inaweza kunaswa na barabara ya pembeni, hata kwa mita tano tu, na programu itachora njia inayoingia mita hizo tano kisha inatoka. Kwenye skrini ya kompyuta, ukiangalia safari nzima, huoni kitu. Ukivuta karibu unaona kimwiba kidogo kimejitokeza ubavuni mwa mstari. Barabarani kimwiba hicho kinageuka kuwa amri: pinda kushoto, geuka urudi, pinda kushoto. Ukikipuuza, kifaa kinadhani umetoka njiani na kuanza kupanga upya. Kimwiba cha mita tano kinaweza kukuharibia safari ya kilomita mia.

Barabara zenye njia mbili zilizotengwa zina mtego huohuo. Nukta ikiangukia upande wa magari yanayokuja, programu itakupeleka mpaka mahali pa kugeuzia, irudi, iguse nukta, igeuke tena. Ninaijua dalili yake: umbali wa jumla unaongezeka ghafla kwa kilomita mbili au tatu baada ya kubonyeza mara moja. Ukiona hivyo, futa nukta hiyo hapohapo kabla hujaendelea.

Ukimaliza kuchora, upitie mstari mzima kwa kuvuta karibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Safari ya kilomita 100 inanichukua robo saa. Sijawahi kuijutia.

Hatua ya 3: Vunja mizunguko

Njia inayojikata yenyewe, njia ya umbo la nane, na njia ya kwenda na kurudi barabara ileile hukivuruga kifaa kwa sababu moja: mahali ulipo panaangukia sehemu mbili za safari kwa wakati mmoja. Kikishika sehemu isiyo yako, kinaruka kilomita 50 za katikati na kukupongeza kwa kumaliza. Mzunguko unaoanzia na kuishia nukta moja una hatari hiyo dakika ya kwanza kabisa.

Dawa ni mbili. Umalizie mstari mita 200 au 300 kabla ya pale ulipoanzia. Kipande hicho cha mwisho unakifahamu, huhitaji kuelekezwa. Na kama njia inajikata katikati, igawe mafaili mawili au matatu, ukikata kila faili mahali ambapo utasimama kupumzika hata hivyo. Yape majina yanayoanza na namba ili yajipange vizuri kwenye orodha ya kifaa. Hata kifaa kikiamua kupanga upya mpaka mwisho, mwisho wenyewe hauko mbali, na hasara inakuwa ndogo.

Hatua ya 4: Mipangilio

Tafuta sehemu inayohusu kupanga njia upya. Kwenye vifaa vya Garmin Edge imo ndani ya wasifu wa shughuli, sehemu ya urambazaji. ELEMNT ROAM ya Wahoo, iliyotoka mwaka 2019, ilikuja na uwezo wa kukurudisha njiani, na Karoo ya Hammerhead inao pia. Majina ya menyu hubadilika kutoka modeli hadi modeli, lakini uchaguzi unaokutana nao ni kama huu: kifaa kipange chenyewe, kiulize kwanza, au kisipange kabisa. Mimi nimechagua kiulize. Kama chako hakina chaguo la kuuliza, zima kabisa. Usikubali kuacha kile cha kujipangia chenyewe kwa safari uliyoichora kwa mkono wako.

Zingatia sana neno wasifu. Kwenye vifaa vingi wasifu wa barabara ya lami, wa njia za changarawe na wa milimani kila mmoja una mipangilio yake. Ukizima kwenye mmoja, mingine haijui. Watu huzima, wanafurahi, kisha siku ya safari wanachagua wasifu mwingine na mambo yanaanza upya. Pitia wasifu mmoja baada ya mwingine.

Ukiwa humohumo, angalia na haya. Orodha ya barabara za kuepuka: ikiwa umewasha kuepuka barabara zisizo na lami na njia yako ina kipande cha vumbi, kifaa kikipewa nafasi ya kupanga upya kitakizunguka kipande hicho hata kwa kilomita kumi. Kuna pia kushikilia alama yako kwenye barabara iliyo karibu. Mpangilio huu hufaa mjini, lakini kwenye vijia vya msituni hukuonyesha uko barabarani wakati uko mita 30 pembeni, kwa hiyo uzime. Na onyo la kutoka njiani liache limewashwa. Hilo ni tofauti na kupanga upya, na ndilo unalolihitaji kweli: kujua mapema kwamba umekosea, basi.

Maelekezo ya kona yanayotungwa kutoka kwenye ramani nayo yana gharama. Kwa safari ndefu, kifaa cha zamani kinaweza kukaa dakika kadhaa kikikokotoa kabla hakijakuruhusu kuondoka. Ukichoka nacho, zima maelekezo hayo ufuate mstari kwa macho. Mimi hufanya hivyo kwenye njia zenye kona chache, na skrini inakuwa na utulivu wa kupendeza.

Hatua ya 5: Kijaribu karibu na nyumbani

Chora mzunguko wa kilomita tano kwenye barabara unazozijua. Kisha ukosee kwa makusudi. Pita kona uliyotakiwa kupinda. Shika barabara inayoenda sambamba na yako. Kata njia uibukie mbele. Kila mara tazama skrini: je, mstari wako wa mwanzo bado upo, umegeuka rangi, au umetoweka? Umbali uliobaki umebadilika kiasi gani? Ulipogusa tena mstari, kifaa kilikupokea baada ya muda gani? Nusu saa hii itakufundisha tabia za kifaa chako zaidi kuliko kitabu chake cha maelekezo.

Hatua ya 6: Siku ya safari

Kitoe nje kifaa dakika mbili tatu kabla ya kuondoka, mahali penye anga wazi. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yanafika yakiwa hafifu mno. Hata hali ikiwa nzuri, kosa la mita chache ni la kawaida. Kati ya majengo marefu au chini ya ukuta wa mwamba mawimbi yanadunda na kosa linakua. Barabara ya huduma inayoenda sambamba na barabara kuu, mita kumi tu pembeni, inatosha kukifanya kifaa kiamini umetoka njiani ukiwa hujatoka. Kama chako kinaweza kupokea mifumo mingine ya setilaiti, yaani Galileo, GLONASS au BeiDou, pamoja na GPS, au kusoma masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti, L1 na L5, washa uwezo huo. Utakula betri kidogo zaidi, lakini milio ya uongo itapungua.

Ukianzia katikati ya njia, vifaa vingi vitakuuliza kama unataka kupelekwa mwanzo. Kataa. Ukikubali, kinachofuata ni safari mpya ya kukupeleka pale ambapo hukutaka kwenda.

Sasa umekuta barabara imefungwa. Simama pembeni, mahali salama. Usihangaike na skrini huku magurudumu yanazunguka. Ipunguze ramani mpaka uone alama yako na mstari wako kwa pamoja. Tafuta barabara inayokutana na mstari mbele, si nyuma. Ikariri kwa makutano: ya pili kulia, kisha kushoto mpaka mwisho. Kifaa kikiuliza kama kipange upya, kataa, uendeshe, uiache milio ipite. Ukigusa mstari, endelea nao mita mia hivi bila kubonyeza chochote. Mara nyingi kifaa chenyewe kitagundua kwamba umerudi.

Huenda kimeshapanga upya na mstari wako hauonekani. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na kwa kutolijua wanapoteza rekodi ya safari nzima: urambazaji na kurekodi ni vitu viwili tofauti. Simamisha urambazaji tu. Muda, umbali na mapigo ya moyo vinaendelea kuandikwa. Kisha fungua tena faili lako kwenye orodha, kataa kupelekwa mwanzo, na mstari wa awali utarudi. Zoezi hili lifanye nyumbani mpaka vidole vilijue, maana ukiwa na glavu zilizolowa mvua si wakati wa kutafuta menyu.

Na kama daraja limekatika, huoni njia mbadala kwa macho? Hapo sasa kiombe kifaa. Simamisha mstari, chagua kwenye ramani nukta iliyoko ng'ambo ya daraja, juu ya njia yako, kiambie kikupeleke hapo. Ukifika, fungua faili tena. Umekipa mwisho ulio karibu na unaoeleweka, na kwa kazi ya namna hiyo ni hodari.

Wakati wa kukiachia

Si haki kuulaumu uwezo huu moja kwa moja. Ukiwa mji mgeni, giza limeingia, umechoka na unachotaka ni kufika tu, washa upangaji wa moja kwa moja na uufuate. Katika hali hiyo hujali barabara gani, na kifaa hakijali pia, mnakubaliana. Badili tu mpangilio kabla ya safari inayofuata, na simu iwe na ramani iliyopakuliwa ya eneo lote, kwa ajili ya kulinganisha pale njia unayopewa inapokutia shaka.

Mwisho, ukirudi na unajua ni wapi kifaa kilikosea kwa sababu ya ramani, kwa mfano kijia kilichochorwa kama barabara ya lami, au daraja la waenda kwa miguu lisiloonyesha kwamba baiskeli zinaruhusiwa, ingia OpenStreetMap urekebishe. Kufungua akaunti ni bure, na rekebisho la namna hiyo ni la dakika chache. Halitafika kwenye kifaa chako siku hiyohiyo. Utasubiri mtengenezaji atoe ramani mpya, kisha uipakue. Likifika, kona ile itakuwa sahihi kwako na kwa kila atakayepita hapo baada yako.